Siku Nne za Udaga: Chakula cha Kila Siku katika Nyumba za Munanila

Kamati zetu za sharika zinapokaa kupanga kazi za mwaka, suala la lishe huletwa mezani kana kwamba ni suala la upungufu tu: nini hakipo, nini kinunuliwe, nani aombwe msaada. Wahisani nao huuliza kwa namna yao, "Watu wa huko wanakula nini?" Katika makala hii nimeona nijibu swali hilo kwa kueleza chakula kinachoiva katika nyumba za Munanila, kwenye milima ya wilaya ya Buhigwe karibu na mpaka wa Burundi, eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa ndani ya wilaya ya Kasulu. Nafasi kubwa nitaipa udaga, kwa sababu ndipo penye hatari ambayo bado hatuizungumzi vya kutosha.

Asubuhi ni chai ya rangi, na pamoja nayo muhogo mtamu wa kuchemsha, kiazi kitamu, au maharage yaliyobaki jana. Nyumba yenye mtoto mdogo huanza na uji. Mgeni hushangaa kuona kwamba kahawa inalimwa mlimani hapa hapa lakini haimo kikombeni. Kahawa ni ya kuuza, chai ni ya kunywa. Mchana watu wapo shamba, hivyo hula vya kushika mkononi: ndizi ya kuchoma, hindi bichi la kuchoma katika msimu wake, parachichi. Ndizi nyingine zikishaiva hukamuliwa kwa majani, na maji yake hunywewa yakiwa matamu na watoto, au huachwa yakawa pombe ya wakubwa.

Chakula chenyewe ni cha jioni. Ugali wa udaga, pengine umechanganywa na unga wa mahindi. Maharage yaliyoungwa kwa mawese yaliyopandishwa kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, maana mchikichi haupendi baridi ya huku juu. Kisamvu, ambacho wengi wanakiita sombe kama majirani zetu wa Burundi na Kongo. Siku mfuko unaporuhusu, dagaa wa Kigoma, na kwa nadra zaidi mgebuka. Mtu aliyekulia chakula hiki hukiri kwamba wali haumshibishi. Nami nimekaa miaka mingi katika kazi hii na sioni haya kusema kwamba mlo huo, ukikamilika, ni mlo mzuri kuliko mingi inayouzwa katika hoteli za mjini.

Neno ni hilo: ukikamilika.

Udaga unavyotengenezwa

Mwaka jana nilifika kwenye nyumba moja wakati mama mwenye nyumba anaanua udaga juani. Huku kila anayekuja na daftari huitwa mwalimu, nami sikumsahihisha.

"Mama, huu umekaa majini siku ngapi?"

"Zamani nilikuwa naacha siku nne, mwalimu. Huu ni wa siku mbili. Lori linakuja kesho."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Muhogo unaolimwa kwa ajili ya unga mara nyingi ni muhogo mchungu. Wakulima wanaupenda kwa sababu za msingi: wanyama waharibifu hawaufuati sana kama ule mtamu, mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani, na unakaa ardhini muda mrefu ukisubiri mwenyewe. Lakini uchungu huo unakwenda pamoja na sumu. Ndani ya mizizi na majani mna kemikali iitwayo linamarini. Muhogo unapopondwa, kukatwa au kuoza, kimeng'enya kilichomo ndani ya mmea wenyewe hukutana na linamarini na kuivunja, na hapo hutoka sayanaidi. Sehemu ya sayanaidi huondoka na maji na sehemu huruka hewani. Ndiyo maana bibi zetu, bila maabara yoyote, walimenya, wakaloweka hadi mzizi ukalainika na kubonyea, wakatoa nyuzi, wakaanika, ndipo wakatwanga. Kila hatua inaitoa sumu, lakini kazi kubwa hufanyika majini, na kazi hiyo inahitaji siku. Kwa baridi ya Munanila muhogo huchelewa kulainika kuliko kule chini ziwani, kwa hiyo siku nne hapa si uvivu wala ushamba.

Kuanika peke yake hakutoshi. Jua hukausha muhogo upesi kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake, na sumu iliyobaki hufungiwa ndani ya unga. Unga mweupe unaovutia sokoni unaweza kuwa mbaya kuliko ule wenye harufu ya kuvundikwa ambayo vijana siku hizi wanaikimbia.

Anayekula unga ambao haukutengenezwa vizuri huweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuumwa kichwa saa chache baada ya mlo. Hilo watu wanalijua, na wengine husema wamekula "muhogo mkali". Wasilolijua wengi ni ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Hauambukizi, na haurogwi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, katika kaya zilizokula muhogo mchungu wiki nyingi mfululizo bila kitoweo cha maana.

Nchini kwetu ulionekana wilaya ya Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, pale njaa ilipowalazimisha watu kufupisha utengenezaji wa unga. Kati ya mwaka 2001 na 2004 ulitokea tena kusini, Mtwara na Mbinga, na watu zaidi ya 200 wakapata ulemavu. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Bandundu, Kongo. Huko halikuwa suala la njaa peke yake. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, soko la muhogo likafunguka, na wanawake waliokuwa wakiloweka siku tatu wakaanza kuloweka siku moja ili wawahi wanunuzi. Watafiti waliofika vijijini miaka ya baadaye walikuta konzo imeandamana na siku zile zilizokatwa.

Wasomaji wa Munanila hawahitaji nifafanue. Barabara yetu imekuwa bora, malori yanafika, udaga unavuka mipaka, na pesa yake inalipa ada na sare za shule. Siwezi kumwambia mama yule asiuze. Ninachomwambia ni kwamba udaga wa siku mbili humfikia mlaji wa mbali, na unaobaki ndani ya gunia hula watoto wake.

Ipo njia ya kusaidia pale ambapo unga tayari una shaka. Iligunduliwa na mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, na ndiyo iliyofundishwa kule kusini baada ya mlipuko. Unga mkavu hutiwa maji na kukorogwa hadi ulowane wote, kisha hutandazwa juu ya ungo au mkeka, unene usiozidi sentimita moja. Huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sayanaidi iruke, halafu ugali husongwa siku hiyo hiyo. Hauhitaji dawa, hauhitaji mashine. Haichukui nafasi ya kuloweka, ila kwa mwezi wa njaa, au kwa unga ulionunuliwa sokoni usiojua umetoka wapi, ni kinga ya kweli.

Sombe nayo ina kanuni yake. Majani yatwangwe sana, maana kutwanga ndiko kunakovunja sumu, kisha yachemshwe muda mrefu chungu kikiwa wazi. Anayechemsha majani mazima kwa haraka ili kuokoa kuni anajidanganya. Na muhogo mchungu usichemshwe wala kuchomwa kama kitafunwa. Kwa chai ya asubuhi ni ule mtamu tu.

Kitoweo si pambo

Watu wengi huona dagaa kama kitu cha kuongeza ladha. Mwili una njia yake ya kuiharibu sayanaidi kidogo inayobaki kwenye chakula, na kwa kazi hiyo unatumia salfa inayotokana na protini. Muhogo wenyewe karibu hauna protini. Maharage yanayo kwa wingi, lakini salfa yake ni kidogo. Dagaa wanayo ya kutosha. Kwa hiyo kiganja cha dagaa juu ya ugali wa udaga kinafanya kazi ambayo mama hawezi kuiona kwa macho. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ni jambo la busara kwa ziwa. Kwa kaya ya mlimani maana yake ni kwamba dagaa wakavu wanunuliwe na kuhifadhiwa mapema, au maharage na karanga viongezwe katika miezi hiyo. Yai moja kwa mtoto nalo si anasa.

Hadithi ya chumvi inafanana na hiyo. Mabaki ya sayanaidi mwilini huzuia madini joto kufanya kazi, na tezi la shingo ni tatizo la zamani katika milima inayokula muhogo. Mkoa wetu umekuwa ukitoa chumvi Uvinza kwa zaidi ya miaka 1,000. La kuangalia ni kwamba iwe imetiwa madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Kuhusu mawese, wekundu wake ndio vitamini A. Wapishi wengine huyachoma kwenye sufuria hadi yageuke meupe ili "yasinuke". Yanapoteza harufu, na yanapoteza kile ambacho mtoto alikuwa anakihitaji. Na kwa wapenzi wa chai, nikiwamo mimi, chai ikinywewa pamoja na maharage huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Inywewe saa moja au mbili baadaye. Chungwa au limao baada ya mlo husaidia kinyume chake.

Bakuli la mtoto

Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Kigoma walikuwa zaidi ya 40 katika kila 100. Mkoa unaovuna maharage, mahindi, ndizi na muhogo, na wenye ziwa la samaki! Wajumbe wa kamati huniuliza inawezekanaje, na jibu mara nyingi halimo ghalani, limo kwenye sinia. Familia inakula pamoja, jambo zuri, lakini mtoto wa miaka miwili ana mkono mdogo. Anapata ugali na mchuzi. Maharage yameshaondoka na kaka zake. Isitoshe tumbo lake ni dogo, na mlo mzito mmoja wa jioni haumtoshi. Awe na bakuli lake, ale mara nne au tano kwa siku, na uji wake usiwe wa udaga mtupu. Kijiko cha karanga zilizosagwa, au cha dagaa waliotwangwa, hubadilisha uji huo. Karanga zichambuliwe kwanza, zenye ukungu zitupwe, wala zisipelekewe kuku.

Hapa niseme na letu. Kuna mwaka tuliendesha semina ya lishe ya siku tatu kwa akina mama. Tuliwafundisha thamani ya maharage, sombe na dagaa, na kila mchana tukawalisha wali, nyama na soda iliyoletwa kwa gari. Siku ya mwisho mama mmoja mzee aliuliza kwa upole kama chakula tulichokisifia ni kibaya kiasi kwamba walimu wenyewe hawakili. Tulicheka, lakini bajeti ya semina iliyofuata tuliandika upya. Sasa washiriki wanapika wenyewe, unga unalowanishwa na kutandazwa mbele ya watu wote, na ugali unaliwa na wote, wageni wa ofisini wakiwamo.

Katika mazungumzo ya mwisho na kikundi cha Munanila, hawakuomba unga wa lishe wala maziwa ya kopo. Walitaja mambo mawili. La kwanza ni sehemu ya kulowekea iliyo mbali na kisima, kwa sababu maji ya udaga yanachafua maji ya kunywa na ugomvi haukosi. La pili ni maturubai ya kuanikia wakati wa mvua. Walieleza kwamba katika miezi ya Machi na Aprili mtu akiloweka siku nne na kisha mvua ikanyesha siku tano, udaga unaota ukungu na hasara ni yake peke yake. Hapo ndipo siku mbili zinapoanza kuonekana kuwa hesabu nzuri. Yule mama wa lori alikuwapo. Alisema turubai moja likitumiwa kwa zamu na nyumba tatu linatosha, na kwamba zamu wanajua kuzipanga wenyewe.