Kiburi kinachotuzuia kuona shamba lilivyo

Wapo wanaosema: mimi naamini ninachokiona tu. Ni jambo jema, ila kiburi huweza kumziba macho hata mtu wa namna hiyo. Tuchukue mfano wa hapa hapa milimani Uluguru.

Kuanzia mwaka 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Sababu ilikuwepo: mvua zilikuwa zikibeba udongo wa miteremko na kuushusha mtoni. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi bila uangalifu, unaufukia na kuleta juu udongo usio na nguvu. Wakulima walitoa jasho jingi, mavuno hayakuonekana, nao wakalalamika. Wakubwa waliyaita malalamiko hayo ukaidi. Kurudi shambani kupima upya kungekuwa kukiri kosa, na hapo ndipo kiburi kinapouma. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Tusiwacheke wakoloni peke yao. Mkulima anayeapa kwamba matuta yote ni ubaya kwa sababu ya yale ya zamani ana ugonjwa ule ule. Mgeta mboga zinalimwa kwenye matuta hadi leo.

Ukibishana na jirani au bwana shamba, tengeni vipande viwili vidogo, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Wakati wa mavuno, hesabuni madebe pamoja.