Neno kwa Mgonjwa: Utafiti wa Mpox wa Tunda Unavyowahusu Watu wa Lugha

Tarehe 15 Agosti 2024, siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani (OMS) kutangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, yalitolewa matokeo ya utafiti wa dawa uliofanyika katika jimbo letu. Utafiti huo unaitwa PALM 007. Ulianza Oktoba 2022 katika vituo viwili tu: Tunda, wilayani Kibombo, hapa Maniema, na Kole, katika jimbo jirani la Sankuru. Uliendeshwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa na inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya Marekani iitwayo NIAID. Watu 597 walikubali kushiriki, watu wazima na watoto.

Makala haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza utafiti huo ulifanyaje kazi na uligundua nini, kwa sababu wengi wetu tumesikia jina la Tunda redioni bila kupata maelezo. Ya pili ni kuonyesha kwamba ndani ya utafiti huo kuna maswali ambayo daktari hawezi kuyajibu peke yake. Ni maswali ya maneno, na maneno ndiyo kazi ya kitivo chetu.

Dawa iliyolinganishwa

Dawa yenyewe ni tekovirimati, kidonge cha kumeza. Kirusi cha mpox kikishazaliana ndani ya chembe ya mwili huhitaji kujivika utando ili kitoke na kwenda kushambulia chembe nyingine. Tekovirimati huzuia uvikaji huo. Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa ajili ya ndui, ugonjwa ambao ulikwisha kutokomezwa duniani tangu 1980. Kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa wa ndui wa kuipimia, uwezo wake ulithibitishwa kwa wanyama. Mwezi wa Januari 2022 Umoja wa Ulaya ukaikubali kwa mpox pia. Kwa hiyo dunia ilikuwa na dawa yenye sifa nzuri kwenye karatasi, lakini hapakuwa na mtu aliyekwisha kuilinganisha kwa utaratibu kamili kati ya wagonjwa wa mpox wa huku kwetu, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Basankusu.

Wagonjwa wa Tunda na Kole waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa tekovirimati, na kundi la pili vidonge vya sura ileile visivyo na dawa ndani. Wote walilazwa hospitalini kwa muda usiopungua siku 14. Wote walipata chakula, maji ya kutosha, usafi wa vidonda, tiba ya maumivu na tiba ya magonjwa mengine yaliyojitokeza. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani, wala wauguzi na madaktari waliomhudumia hawakujua.

Matokeo yalikuwa haya: vidonda vya waliomeza dawa havikupona haraka kuliko vya wale waliomeza vidonge vitupu. Dawa haikuwadhuru watu, lakini haikuwaongezea kitu. Hata hivyo kulikuwa na jambo la pili. Katika makundi yote mawili kwa pamoja walifariki asilimia 1.7, yaani kama watu 10 kati ya 597, wakati vifo vya mpox vilivyoripotiwa nchini kwa jumla vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Namba hizi mbili zisilinganishwe kwa pupa, maana mtu aliyelazwa Tunda na mtu aliyeugulia nyumbani msituni hawako katika hali moja. Lakini watafiti wenyewe walisema wazi kwamba kulazwa na kuhudumiwa vizuri kunapunguza vifo. Kwa maneno mengine, kitu kilichoonekana kusaidia Tunda ni uuguzi.

Kitenzi "kuuguza"

Neno hili lina jambo la kumfurahisha mwanaisimu. "Kuugua" ni kuwa mgonjwa. Ukiongeza kiambishi cha usababishi unapata "kuuguza". Kwa kanuni ya kawaida, kama vile "kulia" na "kuliza", ungetegemea "kuuguza" kuwe na maana ya kumfanya mtu awe mgonjwa. Lakini sivyo. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na kumwosha. Lugha ilikataa kufuata kanuni yake, ikatunza maana ya mtu anayebeba ugonjwa pamoja na mgonjwa. Hapa Kindu neno "muuguzi" husomwa zaidi kuliko linavyosemwa. Mitaani daktari na muuguzi wote huitwa "munganga", na mgonjwa mara nyingi hajui nani ni nani.

Muuguzi huyo amesomea wapi na kwa lugha gani? Katika nchi yetu wauguzi wa A2 hutoka ITM, ambayo ni shule ya sekondari ya ufundi wa tiba, na wa A1 hutoka ISTM, ambayo ni taasisi ya elimu ya juu. Kote huko masomo, vitabu na mitihani ni kwa Kifaransa. Siku ya kwanza ya kazi muuguzi anakutana na mama anayesema Kiswahili, Kikusu au Kilega. Hapo inambidi atafsiri papo hapo, bila kamusi na bila mafunzo ya kutafsiri. Kwa homa na kuhara anaweza, kwa sababu maneno hayo amezaliwa nayo. Kwa utafiti wa dawa mambo ni magumu zaidi. Ni yeye anayebaki na mgonjwa baada ya daktari kuondoka, na ni yeye anayeulizwa: "Munganga, hivi vidonge ni vya nini?"

Maneno manne magumu

Neno la kwanza ni jina la kazi yenyewe. Kwa Kifaransa ni essai clinique, na Kiswahili sanifu husema "jaribio la dawa", wingi "majaribio". Lakini mtu aliyekulia kanisani analijua zaidi neno la jirani yake, "majaribu", yaani mateso na vishawishi. Pia kitenzi "kumjaribia mtu dawa" kinamgeuza mtu kuwa chombo cha majaribio, na hofu hiyo tayari imo vichwani mwa watu kabla muuguzi hajafungua mdomo. Kitu kilichofanyika Tunda kilikuwa hasa kulinganisha: huduma pamoja na dawa, na huduma bila dawa hiyo. "Ulinganisho wa dawa" unaeleza kazi hiyo bila kuficha kitu.

Neno la pili ni mgawanyo usiochaguliwa na mtu. Maandishi mengi ya Kiswahili husema "kwa bahati nasibu" au hutoa mfano wa kurusha sarafu. Mfano huo unafaa Mombasa, lakini hapa hauna maana, kwa sababu faranga yetu ya Kongo ni noti tupu na mtoto wa Kindu hajawahi kushika sarafu yake. "Kupiga kura" nako kunaelekea kwenye uchaguzi, ambako kila mtu anaamini kuna mkono wa mkubwa nyuma yake. Lakini mfano wa kwetu upo. Wamama wa likelemba wanapotaka kujua nani atapokea wa kwanza, mara nyingi hukunja vikaratasi na kila mmoja huokota chake. Hakuna anayechagua, na hakuna anayelaumiwa. "Kuokota kikaratasi" kunaeleweka bila maelezo marefu.

Neno la tatu ni kidonge kisicho na dawa. Katika maandishi ya utafiti ya Tanzania limeingia neno "kipozauongo". Mtungaji wake alifanya kazi safi kimofolojia: kiambishi ki-, kitenzi "poza", nomino "uongo". Lakini mgonjwa hasikii mofolojia. Anasikia "uongo", na anasikia kutoka kwa mtu ambaye amekuja kumwomba amwamini. Wengine husema "dawa bandia". Hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa dawa bandia ni ile inayouzwa sokoni kwa udanganyifu, ambayo redio hutuonya kila mara tusiinunue. Ni heri kusema kwa urefu: "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani". Maneno yanakuwa manane badala ya moja, lakini ukweli wote unabaki.

Neno la nne ni ile hali ya mgonjwa na muuguzi kutojua nani yuko kundi gani. Kifaransa hukiita double aveugle, na tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa "upofu wa pande mbili". Hakuna mgonjwa atakayetaka kutibiwa na kipofu. "Siri ya pande mbili" inafaa zaidi, mradi muuguzi aongeze sababu yake: mtu akijua anameza dawa anaweza kujiona nafuu kabla ya kupona, na muuguzi akijua anaweza bila kukusudia kumwangalia mmoja vizuri kuliko mwingine.

Tafiti zilizofanywa Afrika kuhusu ridhaa ya washiriki zinaonyesha kwamba mgawanyo wa bahati na kidonge kitupu ni kati ya mambo yanayoeleweka kidogo zaidi, hata pale ambapo washiriki wanaelewa vizuri kwamba wana haki ya kujitoa. Si kwamba watu hawana akili ya kuelewa. Kuokota kikaratasi wanakuelewa. Kilichokosekana mara nyingi ni neno.

Plastiki inayopitisha sauti

Kuna jambo la tatu, nalo linatoka kwa wataalamu wa vifaa. Katika janga la Ebola lililoanza Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, shirika la ALIMA lilitumia huko Beni chumba kiitwacho CUBE. Kuta zake ni za plastiki inayoonyesha ndani, na zimeungwa mikono yenye glavu, ili muuguzi amhudumie mgonjwa akiwa nje ya chumba bila kuvaa vazi zima la kujikinga. Zamani muuguzi aliingia amefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na joto lilimlazimu kutoka haraka. Mgonjwa hakuona uso wake, na ndugu walibaki mbali wakikisia yanayotendeka ndani. Kwa ukuta wa plastiki mgonjwa aliona uso, ndugu walikaa karibu na kuzungumza naye, na muuguzi alipata muda wa kueleza.

Mpox haihitaji chumba kama hicho, lakini somo ni lilelile. Kifaa kipya kinaweza kumpa muuguzi dakika 20 zaidi kando ya mgonjwa. Dakika hizo zitakuwa na faida kama muuguzi ana maneno ya kusema. Katika janga hilohilo shirika la Translators without Borders liliona kwamba ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabuni haukuwafikia vizuri watu wanaosema Kiswahili cha Kongo na Kinande. Kiswahili chetu kilifika Maniema karne ya 19 kwa njia ya Nyangwe na Kasongo, kikakua hapa kwa namna yake. Anayekuja na karatasi iliyotafsiriwa mbali ameleta lugha jirani tu.

Tunaweza kufanya nini

Katika elimu ya uuguzi kuna mbinu inayofundishwa sasa katika nchi nyingi. Baada ya kueleza, muuguzi hamwulizi mgonjwa "Umeelewa?", kwa maana kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Humwomba aeleze tena kwa maneno yake mwenyewe, kama vile angemweleza mume au dada yake nyumbani. Akikosea, kosa ni la maelezo, na muuguzi anaeleza upya. Kwa mwanaisimu hiyo ni zaidi ya mbinu ya hospitali. Ni namna ya kukusanya data. Kila mgonjwa anayerudia kwa maneno yake anatuonyesha neno lipi linafanya kazi na lipi limekwama.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linaloweza kufanyika mwaka huu wa masomo. Wanafunzi wa kitivo chetu washirikiane na wanafunzi wa uuguzi kuandaa orodha ya maneno 20 ya utafiti na tiba, kila moja likiwa na maelezo kwa Kiswahili cha Maniema na kwa angalau lugha moja zaidi ya jimbo. Tusikae darasani tukabuni. Tuyapeleke kwa wasikilizaji, tuwaombe wayarudie, na tulifute kila neno linalorudi na maana nyingine, hata kama ni zuri kimofolojia. Kazi za tamati zinazoandikwa kila mwaka juu ya ngeli na viambishi zingepata hapa uwanja mpya.

La mwisho ni deni. Watu wa Tunda walitoa miili yao na siku zao 14 au zaidi ili dunia ijue kama tekovirimati inafaa. Jibu lilichapishwa kwa Kiingereza. Kulisema kwa Kiswahili kunahitaji uangalifu, kwa sababu "dawa haikufaulu" inaweza kusikika kama "tulipoteza muda wetu". Haikuwa hivyo. Swali liliulizwa, jibu likapatikana, na nchi imeepuka kutegemea kidonge kisichoharakisha kupona. Pia imeonekana kwamba mgonjwa wa mpox anayewahi hospitalini, akala, akanywa maji na kusafishwa vidonda, ana nafasi kubwa ya kupona. Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe hata kwenye mlango wa kila kituo cha afya kutoka Kindu hadi Kibombo, kwa maneno ambayo bibi kizee atayaelewa akisomewa mara moja.