Kujiamini Huja Baada ya Kuandika, Si Kabla

Mwulize mwanachuo aliyedesa kazi ya mwenzake kwa nini kafanya hivyo. Mara nyingi atakujibu, "Mimi kuandika siwezi." Na huyohuyo, kwenye kundi la majadiliano, ndiye anayewaelewesha wengine! Mada anaijua. Ila akikaa mbele ya karatasi tupu, mkono unakuwa mzito. Woga huu una gharama. Leo utapata sifuri kwa wizi wa kitaaluma, na mwaka wa mwisho ripoti ya utafiti itakukuta hujawahi kuandika kurasa tano zako mwenyewe.

Tatizo ni kwamba tunasubiri tujiamini kwanza ndipo tuandike. Nani alijiamini juu ya baiskeli kabla hajaipanda?

Kwa wengi wetu Tanzania, woga huu ni wa lugha. Tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukakutana na Kiingereza. Kwa hiyo ukiandika unafanya kazi mbili kwa mpigo: kutafuta hoja na kutafuta maneno. Zitenganishe. Andika kwanza hoja zako kwa lugha inayokujia haraka, hata iwe ya kijiweni. Hoja zikishakaa sawa, ndipo uziandike kwa lugha anayoitaka mhadhiri.

Rasimu ya kwanza nayo usiisahihishe huku unaiandika. Ni yako peke yako, acha iwe mbaya. Ilaze usiku mmoja, kesho isome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, na msomaji atakwama hapohapo.

Kisha mpe mwenzako mmoja aisome. Usimwulize, "Ni nzuri?" maana atakuonea haya. Mwulize, "Umeelewa nini?" Akisema kile ulichokusudia, umefaulu. Akisema kingine, umeshajua pa kurekebisha. Na rasimu za zamani usizitupe. Semista ikiisha, linganisha ya kwanza na ya mwisho uone ulipotoka.

Mfano tunao. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikachapishwa. Shahada zake za juu zilikuja baadaye. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, lakini kalamu hakuiweka chini: Kichwamaji ilitoka 1974, na Dunia Uwanja wa Fujo 1975.

Si lazima uandike riwaya. Anza na nusu ukurasa leo jioni, juu ya somo lolote ulilolielewa wiki hii, bila kudesa neno. Kesho ongeza nusu nyingine. Hadi semista iishe, hutakuwa na haja ya kuuliza kama unaweza.