Osiloskopu ya biti 12: Fundi atazame nini kabla ya kutoa pesa?

KWA miaka mingi, fundi wa elektroniki alipokwenda kununua osiloskopu, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: ni ya megahezi ngapi?

Swali hilo lingali na maana kwa anayeshughulikia kompyuta na mitambo ya mawasiliano. Hata hivyo, kwa fundi wa amplifaya, redio na chaja za sola, yaani sakiti za analogi ambamo volti hupanda na kushuka kwa mfululizo badala ya kuruka kutoka sifuri hadi moja, lipo swali jingine lenye uzito zaidi. Mashine hiyo ina biti ngapi?

Osiloskopu huchora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Mita ya kawaida humwambia fundi kuwa pana volti tano. Osiloskopu humwonyesha iwapo hizo volti tano zimetulia au zinatetemeka.

Osiloskopu ya kidijitali hupima volti mara mamilioni kwa sekunde, kisha kigeuzi kilichomo ndani yake hukipa kila kipimo nambari. Kigeuzi cha biti nane kina ngazi 256 pekee. Cha biti 10 kina ngazi 1,024 na cha biti 12 kina 4,096.

Chukua skrini yenye miraba minane kwa wima, kila mraba ukiwakilisha volti moja. Ukizigawa volti nane kwa ngazi 256, unapata takriban milivolti 31. Badiliko dogo kuliko hapo humezwa ndani ya ngazi moja, na mstari ambao ungestahili kuwa laini huonekana kama vidato. Kwa biti 12, ngazi moja haifiki milivolti mbili.

Je, ina maana kwamba kila fundi anahitaji biti 12? La hasha, na hapa ndipo wauzaji wengi hupenda kunyamaza.

Mathalan, fundi anayetaka kuona mitetemo ya milivolti 20 iliyopanda juu ya umeme wa volti tano anaweza kuiona barabara kwa mashine ya biti nane. Huchagua mpangilio unaozuia umeme tulivu na kupitisha ule unaobadilika pekee, kisha hukuza mraba mmoja uwe milivolti tano. Hapo ngazi moja huwa takriban sehemu 0.16 ya milivolti. Anayefanya kazi ya aina hiyo pekee hana haja ya kutoa pesa zaidi.

Biti nyingi hufaa pale ambapo kitu kikubwa na kidogo vimo katika picha moja na haviwezi kutenganishwa. Amplifaya inayotoa wimbi la volti nane kutoka kilele hadi bonde, lakini yenye kasoro ya milivolti 10 pale transista zinapopokezana kazi, ni mfano mzuri. Mwenye masikio makini husikia mkwaruzo kwenye spika, ilhali osiloskopu ya biti nane humwonyesha wimbi safi kabisa. Fundi huyo huweza kubadilisha kapasita baada ya kapasita bila kugusa chanzo cha tatizo.

Wapo wanaojaribu kukuza picha hadi sehemu kubwa ya wimbi itoke nje ya skrini. Njia hiyo ina hatari, kwa maana sehemu ya kupokea umeme ndani ya mashine huzidiwa na huchukua muda kurudi katika hali yake. Kinachoonekana wakati huo si umeme wa sakiti bali ni kizunguzungu cha mashine yenyewe.

Osiloskopu za biti 12 si jambo geni. Kampuni ya Teledyne LeCroy ilizitoa mwaka wa 2012, lakini kwa bei ya maelfu ya dola. Mambo yalibadilika 2023 Rigol ya China ilipoleta aina za DHO800, na mapema 2024 mshindani wake Siglent akajibu kwa SDS800X HD. Modeli za chini za kampuni hizo mbili, zenye upana wa masafa wa megahezi 70, ziliingia sokoni kwa bei isiyozidi dola 500. Tukikadiria dola kuwa Sh130, hizo ni takriban Sh65,000 kabla ya usafirishaji na ushuru.

Kwa sauti, ambayo haizidi kilohezi 20, megahezi 70 ni nyingi kupita kiasi. Hata kwa chaja zinazofanya kazi kwa makumi au mamia ya kilohezi, zinatosha. Kwa hivyo fundi wa analogi asiongeze pesa kununua megahezi 200 ambazo hatazitumia.

Mnunuzi aangalie pia idadi ya sampuli chaneli zote zinapowashwa. DHO804, kwa mfano, huchukua sampuli bilioni 1.25 kwa sekunde kwa chaneli moja, lakini zikiwashwa zote nne kila moja hubaki na milioni 312.5.

Fauka ya hayo, biti zilizoandikwa kwenye kasha si biti zinazofanya kazi. Kelele za umeme ndani ya mashine hula baadhi yake, hivi kwamba osiloskopu ya biti 12 mara nyingi hubaki na biti nane au tisa zenye manufaa. Ya biti nane nayo hupungua vivyo hivyo.

Zipo mashine zinazotangazwa kuwa za biti 12 ilhali kigeuzi chake ni cha biti nane. Hizo huchukua sampuli nyingi za jirani na kutafuta wastani. Kila mara idadi ya sampuli zinazotafutiwa wastani inapoongezwa mara nne, hupatikana takriban biti moja zaidi. Mbinu hiyo ni halali, na fundi mwenye mashine ya zamani anafaa kuitumia kabla ya kukimbilia dukani. Lakini hupunguza upana wa masafa, na haisaidii sana pale tukio linapopita kwa kasi. Muulize muuzaji waziwazi kigeuzi chenyewe ni cha biti ngapi.

Kisha kuna probu, ule waya wenye ncha unaogusa sakiti. Probu ya kugawa kwa 10 hupunguza wimbi mara 10, na mashine inapolikuza tena hukuza pia kelele zake. Kwa mawimbi madogo, isiyogawa hufaa zaidi ingawa masafa yake kwa kawaida hayavuki megahezi chache. Waya mrefu wa ardhi nao hunasa kelele kama antena, ufupishe.

Tahadhari moja isipuuzwe. Klipu za ardhi za chaneli zote huwa zimeunganishwa pamoja, na katika mashine nyingi huungana na waya wa ardhi wa stima ya jengo. Kuifunga klipu kwenye sehemu ya chaja iliyounganishwa moja kwa moja na stima ya volti 240 ni kuita mlipuko. DHO800 hutumia chaja ya nje ya USB-C, na baadhi ya mafundi hudhani hilo huwalinda. Kinyume chake, pasipo waya wa ardhi mwili wa mashine wenyewe waweza kuwa na stima. Kazi hiyo yahitaji probu maalumu ya tofauti.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe bila probu, iwekwe kwenye kipimo cha chini kabisa, na masafa yabanwe hadi megahezi 20. Tazama unene wa mstari ulio skrinini. Ukipata mashine mbili za bei moja, chagua ile ambayo mstari wake ni mwembamba.