Hisa Ziko Mikononi mwa Nani?

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali. Wako 20, wanataka kufungua kampuni ndogo na kununua mashine ya kusaga unga. Pesa hazitoshi. Mzee mmoja mwenye duka hapo sokoni amesema atajaza pengo, lakini anataka zaidi ya nusu ya hisa. Je, wakubali?

Kwanza tuelewane. Katika chama cha ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja, hata akiwa na hisa nyingi namna gani. Katika kampuni, kwa kawaida kura hufuata hisa. Mwenye zaidi ya nusu ndiye huchagua wakurugenzi, na wakurugenzi ndio huajiri meneja. Akina mama watahudhuria mkutano, watakunywa chai, warudi nyumbani.

"Basi tutafute watu wengi, kila mtu achukue kidogo kidogo," mmoja alisema. Hapo pia pana shida, ndugu zetu. Tukumbuke kampuni ya sukari ya Mumias. Mwaka 2001 Serikali iliuza sehemu ya hisa zake kwa wananchi kupitia soko la hisa la Nairobi, na baada ya kuuza tena mwaka 2006 ikabaki na asilimia 20. Zingine zilitawanyika kwa maelfu ya watu. Miaka ya kwanza faida ilionekana. Kufika 2013 ni hasara, na Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiweka chini ya mrasimu. Hatusemi hisa peke yake ndizo zilizoiangusha. Uhaba wa miwa na sukari ya kutoka nje pia vilichangia. Lakini mwenye hisa 200 atawezaje kumchunga meneja? Nauli ya kwenda mkutanoni inashinda mgao wake wa faida! Kila mmoja anadhani mwingine anaangalia.

Mwenye fungu kubwa huangalia, kwa sababu anaumia. Ubaya wake ni kwamba anaweza pia kujipendelea, kama kununua mahindi yake mwenyewe kwa bei ya juu.

Kwa hivyo tuliwashauri hivi: pesa za mzee ziwe mkopo wenye riba iliyoandikwa, ama achukue robo ya hisa, isizidi. Sheria ya kampuni inataka asilimia 75 ya kura ili kubadilisha katiba ya kampuni, na akipita robo anaweza kuzuia peke yake. Tena wachague watu watatu wasio wa kamati wakague daftari kila mwezi, wakilinganisha mita ya stima na madebe yaliyosagwa.

Walirudi wiki jana. Mzee amekubali robo, ila bado anabishana juu ya daftari.