Bendi iliyotunza sauti zake yenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walikuwa wakiwaza biashara waliposema hivyo, lakini wiki hii, mpenzi msikilizaji, nataka tuipime methali hiyo kwa muziki. Bendi hupiga usiku kucha, watu hucheza, vyombo hufungwa, na kesho yake hakuna kilichobaki ila masimulizi. Je, ni lazima iwe hivyo?

Jibu moja nimelipata Washington, mji mkuu wa Marekani. Mwaka 1980 kulikuwa na bendi ya vijana iliyoitwa Teen Idles, wapigaji wa panki, yaani roki ya kasi na kelele. Bendi hiyo ilipovunjika, fedha za maonyesho zilikuwa zimewekwa akiba. Vijana wale hawakugawana. Walitoa santuri moja ndogo yenye nyimbo 8, nakala 1,000. Kwa kuwa hakuna kampuni ambayo ingewajali, wawili kati yao, Ian MacKaye na Jeff Nelson, wakaanzisha lebo yao wenyewe, Dischord.

Majalada waliyatengenezaje? Walichukua jalada la santuri nyingine, wakalibandua gundi, wakalitandaza mezani na kuchora mipaka yake. Baada ya kuchapisha ya kwao, wakaketi na mikasi, wakakata, wakakunja, wakagundisha moja moja. Neno kujitegemea tumelisikia sana majukwaani. Pale lilikuwa na mikasi na gundi.

Dischord ilishikilia kanuni chache. Ilitoa hasa muziki wa bendi za Washington na vitongoji vyake. Haikuandikiana mikataba na wanamuziki. Gharama zikisharudi, faida iligawanywa baina ya lebo na bendi. Mara nyingi bei ilichapishwa kwenye jalada lenyewe, ili mnunuzi wa mbali aliyeagiza kwa posta asilanguliwe.

Mwaka 1987 MacKaye alipanda jukwaani na bendi mpya, Fugazi. Wenzake walikuwa Joe Lally, Brendan Canty na Guy Picciotto. Hawakuwa na meneja, wala hawakuuza fulana zenye jina lao. Kiingilio walitaka kiwe dola 5 au karibu na hapo, na mlango uwe wazi kwa watu wa umri wote. Sababu ya sharti hilo la pili ni rahisi: kumbi nyingi za Marekani huishi kwa kuuza pombe, hivyo kijana asiyefikia umri wa kunywa hufungiwa nje hata kama alichofuata ni muziki tu.

Sasa nifike kwenye kanda. Kuanzia 1987 hadi 2002 Fugazi walifanya maonyesho zaidi ya 1,000, katika majimbo yote 50 ya Marekani na nchi nyingi nyingine. Mafundi wao wa sauti walikuwa na desturi ya kuchomeka kinasa sauti kwenye mitambo kila walipoweza, kwanza kwa kaseti za kawaida, baadaye kwa kanda na sahani za dijitali. Bendi iliposimama, yalikuwa yamehifadhiwa maonyesho zaidi ya 800. Mwaka 2011 wakaanza kuyatoa kwenye intaneti, kila onyesho na tarehe yake, ukumbi wake na orodha ya nyimbo. Bei waliyopendekeza ilikuwa ile ile ya mlangoni, dola 5, lakini mnunuzi aliruhusiwa kuchagua mwenyewe kuanzia dola 1 hadi 100.

Utauliza, nani anahitaji maonyesho 800 ya bendi moja? Mimi nimesikiliza kadhaa, nami nasema yana kazi mbili.

Ya kwanza ni ya muziki. Fugazi hawakuwa wakiandika orodha ya nyimbo kabla ya kupanda jukwaani. Mmoja alianza, wengine wakafuata. Kwa hiyo wimbo uliokaa shwari kwenye albamu unaweza kurefushwa, kukatizwa au kuunganishwa na mwingine. Anayejifunza gitaa hupata humo darasa ambalo studio haiwezi kumpa: husikia watu wakikosea na kurekebisha bila kusimama.

Ya pili ni ya ushahidi. Katika maonyesho yao vijana wengine walipenda kurukiana na kupigana vikumbo. MacKaye alikuwa akisimamisha wimbo na kumsemesha mkorofi kwa adabu. Akikaidi, alirudishiwa dola 5 zake na kuonyeshwa mlango. Albamu ya studio haiwezi kukueleza hayo. Kanda ya ukumbini hukuonyesha jinsi watu walivyoishi na kanuni zao usiku baada ya usiku, hata walipochoka na mitambo ikiwakwamisha.

Tusidanganyane, njia hii ina gharama yake. Kiingilio kidogo kinadai matumizi madogo, na wao walibana matumizi kweli kweli. Tena mali ya namna hii haijitunzi. Kanda huliwa na unyevu, maandishi ya kasha hufutika, na kuhamisha mamia ya kanda kwenda kwenye kompyuta ni kazi ya miaka. Ilihitaji mtu wa kuketi na kusikiliza hata usiku uliokwenda vibaya. Na bendi nyingine zilizokuwa na moyo huo huo hazikupata wasikilizaji wa kutosha kurudisha hata fedha za petroli.

Hata hivyo, tazama nani ameshika ufunguo wa ghala. Mwanamuziki aliyelipwa mara moja na kuondoka hawezi kuirudisha sauti yake. Mwenye kanda ndiye huamua iuzwe, ifungiwe kabatini au ifutwe ili irekodiwe matangazo. Fugazi hawakuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu kinasa sauti na kanda vilikuwa vyao.

Leo kijana mwenye simu mfukoni ana kinasa sauti ambacho vijana wa 1980 hawakukiota. Kinachobaki ni daftari: tarehe, ukumbi, majina ya waliopiga, na mahali pakavu pa kuweka nakala ya pili. Kazi hiyo haihitaji kampuni. Inahitaji mmoja wa wanabendi akumbuke kuifanya kabla vyombo havijapakiwa garini.

Tukutane wiki ijayo.