Kompyuta ya kwanta hutatua matriksi, kulisoma jibu ndiko kugumu

WALIOSOMA hisabati ya sekondari wanaikumbuka matriksi: jedwali la nambari zilizopangwa kwa safumlalo na safuwima, litumikalo kutatua milinganyo kadhaa kwa pamoja. Milinganyo miwili, kalamu yatosha. Ikifika milioni moja, sharti kompyuta itumike.

Mnamo 2009, Aram Harrow, Avinatan Hassidim na Seth Lloyd walichapisha mbinu ya kompyuta za kwanta ambayo, hata milinganyo ikiongezeka maradufu, hatua zake huongezeka kidogo tu. Siri ni kyubiti, chembe za kumbukumbu za mitambo hiyo. Kyubiti 20 pekee hubeba nambari 1,048,576 kwa mpigo.

Lakini nambari hizo zimefichika. Kila ukipima unapata dokezo moja tu, kisha zote huvurugika, sharti uanze upya. Anayetaka majibu yote milioni atarudia mpaka faida iishe. Anayetaka muhtasari, kwa mfano wastani, ndiye anayenufaika. Isitoshe, sharti sehemu kubwa ya matriksi iwe sufuri.

Ewin Tang, mwanafunzi nchini Marekani, alipewa na mwalimu wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kuwa kompyuta za kawaida haziwezi kukaribia kasi ya mbinu nyingine ya kwanta, ya kuwapendekezea wateja bidhaa. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 18, Tang akaonyesha kwamba zinaweza! Mbinu ya 2009 haijaangushwa hivyo, ila kyubiti zilizopo bado hukosea upesi mno kuitekeleza kwa matriksi kubwa.